Sitafuti Cheo, Kila Dakika

Alhamisi, 1 Agosti
Kwaya yetu ya Migori inakwenda makambini Homa Bay, kwenye mkutano mkubwa wa kanisa. Jumamosi baada ya ibada atachaguliwa mwalimu wa kuiongoza. Cheo changu hicho! Mpinzani ni mmoja tu, Ombati. Yeye ana sauti. Mimi nina kompyuta. Nimewaandikia waumini wote imeili moja ya unyenyekevu: "Mimi Levi sitafuti cheo. Mkinilazimisha, nitakubali."

Ijumaa, 2 Agosti
Imeili nikiituma leo watasahau. Iwafikie kesho ibadani, saa nne, simu zikiwa mkononi kwa ajili ya nyimbo. Lakini siku ya Sabato sifanyi kazi. Shemeji Linet, aliyeniwekea Linux kwenye kompyuta, amesema mashine inaweza kutuma yenyewe mimi nikiwa nimekaa kanisani. Basi dhambi si yangu! Ameonya kwamba inahesabu saa za Kizungu, saa nne ya asubuhi kwake ni 10. Akataka kunieleza na upande wa dakika. Nikamwambia najua. Pale pa saa nimeweka 10, pale pa dakika nimeweka alama ya nyota. Inapendeza.

Sabato, 3 Agosti
Aibu. Aibu tupu. Saa nne simu zililia kanisa zima. Nikainamisha kichwa, mnyenyekevu. Dakika iliyofuata zikalia tena. Kumbe nyota maana yake ni kila dakika! Laptopu inayorusha nyimbo ukutani nayo ikapokea. Ubeti wa pili: Mimi Levi sitafuti cheo. Ubeti wa tatu: Mimi Levi sitafuti cheo. Watoto wakaanza kuisoma kwa sauti. Mhubiri akangoja zikome. Hazikukoma hadi saa tano. Mke wangu Moraa alihamia benchi la nyuma. Nilitamani kuingia chini ya kinanda.

Uchaguzi haukuchukua muda. Mzee wa kanisa, Okari, alisema kanisa limenisikia vizuri, sitafuti cheo. Ombati akapita bila kupingwa.

Jumapili, 4 Agosti
Sijatoka nje. Moraa anasema niende kwa Mzee Okari, niombe msamaha kwa mdomo. Kwa mdomo! Na kompyuta ipo? Linet amepiga simu akitaka kunisaidia. Nimemwambia nishajifunza. Nimeandika imeili ya toba kwa waumini wote, iwafikie kesho saa nne, wakiwa wameshakunywa chai na roho zimetulia. Pale pa dakika nimefuta nyota, nimeweka sifuri. Pale pa saa nimeweka 4. Moraa ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia alale.