Pembetatu Yangu, Duara la Profesa

Jumatatu, 3 Juni

Maji yamenifika shingoni. Mama Vyungu, mwalimu wetu wa ufinyanzi, ametangaza kwamba tanuri litawashwa Alhamisi ya wiki ijayo. Kila mwanafunzi awe na chungu chake chenye kifuniko. Asiye na chungu hana alama za kazi za mikono, na asiye na alama hizo anarudia darasa. Alisema huku akiangalia dari, lakini najua alikuwa ananiangalia mimi.

Wenzangu walianza wiki mbili zilizopita. Mimi nilikuwa naumwa tumbo. Siku nyingine mgongo.

Kurudia darasa ningevumilia. Tatizo ni mdogo wangu wa kike. Yuko darasa la nyuma yangu tu. Nikirudia tunakaa chumba kimoja, na yeye ndiye kiranja! Nilipomweleza mama hakuinua hata macho kwenye cherehani. Akasema basi nafuu, tutatumia vitabu seti moja. Mdogo wangu akasema atanitafutia dawati la mbele nisiwe nachezacheza. Ana miaka kumi na minne!

Jumanne, 4 Juni

Kukanda udongo. Mama Vyungu anataka tuukande kama unga, tuukate kwa waya, tuangalie ndani. Ukiona kitundu cha hewa, unarudia. Mara mia, anasema. Nilianza vizuri: moja, mbili, tatu. Kufika thelathini nikagundua naweza kuhesabu bila kukanda. Nikafika mia kabla ya wote.

Profesa akanikata jicho. Huyu ndiye ninayekaa naye dawati moja. Tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani yake na kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Chungu chake kiko rafuni, karibu kimekauka. Kuta nyembamba, kifuniko kimetulia. Chini amechora alama yake, duara dogo. Yangu ni pembetatu. Kila mtu ana alama, maana Mama Vyungu anasema vyungu vikishaiva vyote vinafanana.

Jumatano, 5 Juni

Nimefinyanga! Niliviringisha kamba za udongo, nikazipandisha moja juu ya nyingine. Kilipofika kimo cha kiganja, kikakaa chini taratibu kama mzee anayetafuta kiti. Nikamwambia Mama Vyungu ni sahani. Akasema hakuagiza sahani.

Mara ya pili nikatumia akili. Ukuta mnene hauanguki. Kamba zangu zikawa nene kama dole gumba la mguu, na kweli, kikasimama. Mama Vyungu alikinyanyua kwa mikono miwili akauliza kama nina mpango wa kuhamia humo. Akaniambia nikiparure kipungue unene, kisha nikiache kivulini mpaka siku ya tanuri. Chungu kinene hukauka nje tu, ndani kikabaki na maji. Nikaitikia vizuri sana. Katika kuitikia sina mpinzani.

Ijumaa, 7 Juni

Kivulini! Kwani nina mwaka? Nimekipeleka nyumbani, nikakiweka juu ya bati la jikoni, jua la saa sita. Saa nane kilikuwa kimekauka kabisa. Pia kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni.

Sikubabaika. Nikaujaza ufa kwa dawa ya meno, nikapaka tope juu yake. Hauonekani kabisa. Bahati mbaya mdogo wangu alitaka kupiga mswaki, akakuta tyubu imekuwa karatasi. Akaja hadi uani, akaangalia chungu, akaangalia vidole vyangu. Anasema hatamwambia mama kama nitampigia pasi sare zake wiki nzima. Nimekubali. Mtoto huyu atakuja kuwa mtu mbaya sana.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudisha chungu rafuni, kando ya kile cha Profesa. Nimeviangalia vyote viwili kwa muda mrefu. Nikakata tamaa. Halafu nikapata wazo, tamaa ikarudi.

Wakati wa mapumziko nilibaki peke yangu. Nikafuta pembetatu yangu kwa kitambaa kibichi, nikachora duara kwa msumari. Cha Profesa nikafuta duara, nikachora pembetatu. Dakika sita! Mama Vyungu hupanga tanuri mwenyewe asubuhi na mapema, kwa hiyo Profesa hataona kitu mpaka vitoke. Atabisha, najua. Na abishe. Alama ni alama.

Alhamisi, 13 Juni

Tanuri limewashwa. Moto mdogo kwanza, moshi mwingi, darasa zima tumekaa kwenye mabenchi. Baada ya saa moja, PUU! Kama mpira umepasuka. Profesa akasema, bila hata kugeuka, kwamba hayo ni maji yaliyobaki ndani ya ukuta mnene.

Nilijiuma midomo nisicheke. Chungu changu kimepasuka, yaani chungu cha Profesa! Mimi niko salama.

Kisha nikakumbuka kwamba Mama Vyungu hupanga vyungu kwa madawati. Vya dawati moja hukaa vimegusana. Kimoja kikilipuka, jirani yake haponi.

Ijumaa, 14 Juni

Vyungu thelathini na kimoja vizima. Viwili vimevunjika.

Mama Vyungu alimwaga vigae juu ya gunia, akavigeuza kimoja kimoja. Kitako kinene kikatokea na duara. Profesa akasema hicho si chake. Kisha akaona vipande vyembamba vilivyobaki, akavitambua. Akavua miwani, akalia bila sauti. Hapo nilijisikia vibaya. Kweli kabisa. Ningejua ataumia hivyo ningechagua chungu cha mtu mwingine.

Mama Vyungu hakupandisha hata sauti. Akasema alama ikichorwa kwenye udongo mbichi, kingo zake huinuka laini. Hii imekwaruzwa kwenye udongo mkavu, kingo zimemeguka. Akaokota kigae kingine chenye mstari mweupe ndani, akauliza ni nani darasani anayepigisha vyungu mswaki. Vichwa vyote vikageuka kwangu, na hakuna aliyenitaja! Nikaanza habari ya panya. Haikufika mbali.

Hukumu: tanuri litawashwa tena tarehe 27. Profesa atafinyanga upya. Na mimi pia, kwa sharti kwamba nimkandie Profesa udongo wake wote, na vipindi vyangu vya ufinyanzi nivihudhurie na wanaoanza. Wanaoanza ni darasa la mdogo wangu.

Jumatatu, 17 Juni

Dawati la mbele. Kiranja akaita majina, la kwangu la mwisho, akaniambia nisimame wima ninapoitika. Watoto wananiita babu. Nilipomaliza kukanda, mdogo wangu akakata donge langu kwa waya, akaona kitundu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaona kingine. Mikono sasa haiinuki hata kushika kalamu, naandika nimelaza kichwa mezani.

Nimemwomba Profesa msamaha. Akasema amesikia, na udongo wake yeye ni mara mia mbili.

Ijumaa, 28 Juni

Nimefaulu! Chungu changu kimetoka kizima. Mama Vyungu alikijaza maji, akakiweka juu ya gazeti saa nzima, gazeti likabaki kavu. Hamsini na nane, na ya kupita ni hamsini. Profesa amepata tisini na nne. Sirudii darasa. Mdogo wangu amenipa mkono kama mkuu wa shule, na nadhani alisikitika kidogo.

Mama Vyungu aliniita pembeni. Akasema ukuta wangu wa safari hii ni mwembamba na sawa pande zote, na mtu hafiki hapo kwa ujanja, anafika kwa kukanda. Akasema mikono ninayo, mwanangu, ila naikwepa. Machozi yalinilengalenga. Nikamwahidi kwamba kuanzia leo njia za mkato basi. Nilimaanisha kila neno.

Nikiwa natoka nimeona tangazo ukutani. Kazi ya muhula ujao ni useremala: kila mwanafunzi atengeneze kigoda cha miguu minne. Profesa tayari alikuwa anapima mbao. Mimi nimekaa, nimefikiri kwa utulivu. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu, na kinapunguza robo nzima ya kuchonga. Wa nne nitasema ulikuwepo nilipoondoka nyumbani.