Kiti cha Pili kwenye Pikapu

Jumatatu, 2 Juni
Lucia, binti wa dada yangu Fabiola, ameshinda marathoni! Jumapili tunampokea Katesh na kumleta hapa Gitting kwa pikapu. Nyuma vitafungwa viti viwili: chake, na cha mtu aliyempa kipaji. Shemeji Hermani, baba yake, ameshashona suti. Mtu ambaye akipanda ngazi tatu za kanisa anatafuta pa kushika! Kiti hicho ni changu. Mimi ndiye mjomba.

Jumanne, 3 Juni
Nimemfuata Mwalimu Salma wa baiolojia. Nikamuuliza kama kuna kitu ambacho baba hampi mtoto kabisa. Kipo! Ndani ya seli, nje ya kiini, kuna vitu vinaitwa mitokondria, vinatengeneza nguvu. Vina jeni zake vyenyewe, na mtoto huvipata kwa mama tu. Nikauliza kama mimi na Fabiola, watoto wa mama mmoja, tunavyo vilevile. Akakubali. Akaanza kusema kwamba mwanamume anavyo, lakini... Sikusubiri lakini yake. Bodaboda ilikuwa inaondoka.

Alhamisi, 5 Juni
Kikao cha kamati ya mapokezi. Nimewasomesha saa nzima. Hermani hakumpa mtoto hata mitokondria moja, na mimi nimejaa zilezile za Lucia! Hermani akasema basi nikimbie, watu waone. Mwenyekiti, Mzee Margwe, akapanga mbio Jumamosi, kutoka kanisani hadi mnadani, mimi na shemeji. Sifanyi mazoezi. Kitu umezaliwa nacho, mazoezi ya nini?

Jumamosi, 7 Juni
Hermani amenishinda. Akiwa na suti! Mimi nilifika kwenye bomba la maji, miguu ikagoma. Muuza vitumbua akanipepea kwa mfuniko wa ndoo. Aibu niliyoona, Mungu anajua. Lakini sikunyamaza. Nikiwa nimelala palepale nikawaambia kamati kwamba mbio hazibadilishi sayansi: kipaji cha Lucia kimetoka kwa mama, kwa mama, kwa mama! Mzee Margwe akaandika yote kwenye daftari, akanishukuru sana. Kiti nimepata.

Jumapili, 8 Juni
Kwenye kiti amekaa Fabiola. Mzee Margwe alisoma maneno yangu mwenyewe kwenye kipaza sauti, wanawake wakapiga vigelegele. Lucia akaniamkia shikamoo mjomba kutoka juu, pikapu ikaondoka. Mimi na Hermani tukafuata kwa miguu, kwenye vumbi. Alinibebea koti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, 11 Juni
Sayansi hainitupi! Mzee Patriki ana punda jike anayepanda mlima na madumu sita bila kupumzika. Mitokondria tupu! Alikuwa anauza watoto wawili wa punda huyo, jike na dume. Jike nimemwachia. Nimechukua dume, ana shingo nene. Nitampandisha kwa punda jike wangu wanne, na watoto wote watarithi nguvu za bibi yao. Mwalimu Salma alipita, nikamweleza mpango wote. Akaanza tena kusema kwamba dume anavyo, lakini... Akaishia hapo, akanipa hongera. Hatimaye amenielewa.