Kituo Changu cha Tiba, Rashidiya

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimepata! Nchi nyingine bangi sasa ni dawa. Ina maduka yake, na serikali ndiyo inayopanga yakae mtaa gani, mbali na shule. Nimesoma haya nikiwa nimejifungia stoo ya mafagio, kwenye kliniki ya Oud Metha ninakofanya usafi. Hapa Dubai bangi ni jela. Najua, sina wazimu. Lakini mlonge, majani ya dawa za asili, si bangi! Nitafungua kituo cha tiba nyumbani, Rashidiya. Shule iko mbali. Tatizo liko wapi?

Marietha, mchumba wangu, kasema kwenye simu hataki kusikia biashara nyingine. Anataka ndoa Desemba, na chumba. Chumba kipo. Dada Mwatima wa Mombasa, aliyekodi villa hii na kutugawia vyumba kwa mbao, katuahidi kile chenye dirisha. Mungu ampe nini!

Jumanne, 9 Septemba

Wilbard, anayelala kitanda cha juu yangu, kacheka mpaka vyuma vikalia. Kasema hata kliniki halali haziruhusiwi kila mtaa, na nikikamatwa atachukua godoro langu. Wivu tu. Ila kanitia hofu kidogo. Mimi ni mtu wa sheria. Nitauliza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepiga simu manispaa. Dada wa huko mpole ajabu. Kauliza tunaishi wangapi. Nikajivuna: nikasema tumejaa, kila chumba kimegawanywa mara nne, wateja hawatakosekana. Kaomba anwani. Nimempa, pamoja na rangi ya geti. Kasema watakuja kukagua. Huduma gani hii!

Ijumaa, 12 Septemba

Wamekuja. Nilikuwa nimepiga deki na kuchoma ubani.

Mlonge hawakuutazama. Walitazama mbao, nyaya, na jiko chini ya ngazi. Kumbe mtaa huu ni wa familia, na villa moja ni familia moja. Dada Mwatima kawaambia sisi sote ni ndugu. Mkaguzi akatuangalia mmoja mmoja: Wachaga, Mluo, Waganda wawili, Mnepali. Akaendelea kuandika.

Khalas, imekwisha. Mbao zinabomolewa, sote nje. Faini kapigwa dada Mwatima. Analia na kuuliza ni nani aliyetuchongea. Nimelia naye. Kweli nimelia.

Jumamosi, 13 Septemba

Marietha kapewa ruhusa na madam wake, kaja, kanikuta nimekalia begi kando ya geti. Nimemwambia yote. Angenitukana ningepona. Kasema tu Desemba nisimtarajie. Kaondoka kuelekea metro bila kugeuka. Nimebaki na joto, begi na mfuko wa mlonge. Sina hamu ya chochote. Nimekwisha.

Jumapili, 14 Septemba

Famau, rafiki yangu wa Lamu, kanipokea kwake Al Jaddaf. Nalala sakafuni. Kasema nikae kimya, maana mwenye nyumba hajui kama nipo. Mtu mwema sana.

Chumba chake kina mlango wa nje! Mgonjwa anaingia bila kumsumbua mtu. Nimefikiri sana nikaona kosa langu: mtaa ule haukufaa. Huu je? Lazima niulize kwanza. Famau alipokwenda kazini nimepiga manispaa. Dada yule yule, kanitambua kwa sauti!

Safari hii nimekuwa mjanja. Anwani nimetoa ya Famau, jina la Wilbard. Wanakuja kesho. Naanza kupiga deki.