Paa Jekundu la Harithi

Alhamisi, 6 Novemba. Malolo.
Harithi kaezeka. Bati la rangi, jekundu, limeletwa na kigari cha kirikuu kutoka Nachingwea mchana kweupe, ili wote tuone. Mimi jirani yake niko chini ya nyasi zinazovuja tangu mwaka juzi. Mke wangu Eva kasema linapendeza. Nimeshindwa kula. Nikamwambia lile bati ni la mkopo, jamaa anangoja mnada wa korosho wa kesho ndipo alipe. Sina hakika, lakini angepata wapi? Korosho zikiuzwa na mimi naezeka. Ila na yeye atalipa. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Ijumaa, 7 Novemba.
Nimefanya kazi kubwa. Mnadani bei ya juu ilisomwa, wakulima wakaanza kuitikia. Bei nzuri, kusema kweli. Ingetosha bati langu na misumari. Nikamtazama Harithi. Anatabasamu! Nikasimama, nikasema wanunuzi wanatuona mafala, tukikaza wiki moja watapanda wenyewe. Nikapigiwa makofi. Tumegoma kuuza. Harithi alisema tuuze, akazomewa. Raha iliyoje. Eva akauliza, na bati letu je? Nikamjibu asubiri, kwanza wenye duka waje kubandua la jirani.

Ijumaa, 14 Novemba.
Bei imeshuka. Mwenyekiti wa chama kaeleza kwamba korosho zimejaa sokoni, wanunuzi wameshashiba. Nikasimama kusema tukaze tena. Nimevutwa shati, nikakalishwa. Wameuza. Fungu langu halifiki nusu ya paa, na Eva hasemi na mimi. Harithi je? Ausi wa duka la bati kanambia bati lile lililipwa taslimu tangu Julai, kwa pesa ya ufuta. Za korosho alizitaka akate bima ya afya ya familia, na hata kwa bei hii kakata. Kumbe na bima! Mtu mmoja, paa na bima. Nimelala na viatu.

Jumanne, 25 Novemba.
Mvua ya kwanza. Nyasi zimeporomokea kitandani. Harithi kaja na mwavuli, kasema shemeji na mtoto wasilowe, tuhamie kwake. Naandika haya sebuleni kwake, nimepewa chai ya maziwa. Nimemnong'oneza Eva kwamba bati lina kelele. Kasema ninywe chai, ninyamaze. Ndipo nikamsikia Harithi akimwambia mkewe kuwa mwakani, ufuta ukiuzwa, ataweka dari ya jipsamu.
Ufuta nao unauzwa kwa mnada. Nimeshaanza kuandaa maneno ya kusema.