Kabati la Kuvuta Limegoma

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimepiga magoti jikoni tangu asubuhi. Kabati la kuvuta limegoma. Lile refu jembamba kando ya jiko: unalivuta, linatoka lote kwenye reli na viungo vyote vya mke wangu Mwanakombo. Yaani lilikuwa linatoka. Tangu Aprili linatoka shubiri moja, linasaga meno, linasimama.

Mwenyewe kaenda Tandahimba kumchukua mama yake. Watarudi Ijumaa. Mkwe anakuja kuamua nani asimamie shamba lake la mikorosho kule Naliendele: mimi, au Shafii, mwanyumba wangu, aliyeoa mdogo wa Mwanakombo. Shafii anatengeneza pikipiki, pampu, hata saa za watu. Mimi naahidi kutengeneza kabati moja, mwezi wa tatu sasa. Mwanakombo akaniambia nimwite fundi Gaudensi, yaishe. Nikakataa. Gaudensi ana mdomo. Mtaa mzima wa Chuno utajua kabla hajafungua kisanduku chake cha vifaa.

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Chai bila sukari. Daktari kanikataza, na nimeacha kabisa tangu Aprili. Mwanakombo ni shahidi.

Jumanne, 8 Julai

Nimemimina mafuta ya alizeti kwenye reli, nusu chupa. Kabati halikusogea. Waliosogea ni sisimizi. Wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye reli, bila haraka, kama watu waliolipiwa nauli. Jirani yangu Mwalimu Esta kachungulia, kauliza kama nimeanza kuwafuga. Nikamjibu kwamba ni hatua ya kwanza ya matengenezo. Akasema haya, baba, pole na kazi.

Kile kijiko changu kidogo bado hakionekani. Nimetafuta tena. Sisemi ni cha nini.

Jumatano, 9 Julai

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu.

Marehemu babu alikuwa anapaka milango mafuta ya maganda ya korosho. Mchwa hawakugusa milango ile miaka arobaini. Sasa mafuta yanayoshinda mchwa yatashindwaje na kutu? Nikaenda Ufukoni kwa Ramadhani, mkaanga korosho, akanijazia chupa. Akanikumbusha kuwa yanababua ngozi. Mimi! Mtoto wa hapa hapa! Nikavaa soksi za Mwanakombo mikononi, nikapaka reli zote, nikaweka mguu ukutani, nikavuta.

Likatoka! Lote! Kuna kitu kililia kling huko nyuma, sikujali. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la ukoo, nikaandika: Kazi ya mikono yangu. Shafii kajibu kidole gumba. Bila neno. Wivu. Nikalirudisha ndani kwa bega, nikalala mchana mzima.

Alhamisi, 10 Julai

Yameganda.

Kabati limefungwa kabisa, hata ile shubiri haipo tena. Chumvi, sukari, bizari, pilipili manga, vyote viko ndani. Vidole vyangu vinabambuka. Pua imevimba, kumbe jana niliikuna kwa soksi. Nimekwenda kwa Esta kuazima chumvi. Kaitazama pua, kanipa na limau la kujipaka bila kuombwa.

Mpango: nimenunua viungo vipya, nimevipanga chini ya kitanda. Mbele ya kabati nimesogeza meza. Nani atahamisha meza?

Ijumaa, 11 Julai

Mkwe kafika. Kaletwa na Shafii! Kwa heshima mkwe hasemi nami uso kwa uso. Anamwambia paka, mimi nasikia. Akamuuliza paka huyu baba watoto pua yake ina nini. Paka hakujibu. Nilimshukuru.

Mwanakombo akataka chumvi. Nikaileta kutoka chumbani. Akataka bizari. Nikaileta kutoka chumbani. Nilipokwenda kufuata pilipili manga, mkwe akamwambia paka kwamba nyumba hii jiko liko uvunguni.

Ndipo Shafii akahamisha meza. Akanusa reli. Akaitazama pua yangu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mkwe akamwagiza paka kwamba Shafii atafute mafuta ya taa na kisu. Hata Shafii anasemeshwa kupitia paka. Nikapata faraja kidogo. Shafii alikwangua na kufuta saa nzima, huku mkwe akimwelekeza paka pa kukwangua. Kabati likatoka kama jipya. Nyuma, ndani ya reli, kimepinda, kimegandwa na chembe za sukari: kijiko changu.

Mwanakombo alikiokota. Hakupiga kelele. Alisema tu alikuwa anajiuliza kwa nini sukari inaisha na mnywaji kaacha. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaniambia anaogopa kuwa mjane.

Baada ya kula mkwe akamwambia paka: shamba atasimamia Mwanakombo mwenyewe. Shafii atapiga mikorosho dawa ya salfa. Baba watoto ataokota korosho, tena akae mbali na maganda.

Nimeumia. Shamba lile nalitamani miaka kumi na tatu.

Jumapili, 13 Julai

Mkwe kaondoka. Nimemwapia Mwanakombo mbele ya paka: sukari basi. Akafurahi, akanipikia pweza wa nazi. Nampenda sana mwanamke huyu, sitaki apate wasiwasi tena. Kwa hiyo kijiko kipya nimekificha mbali zaidi, nyuma kabisa, chini ya rafu ya mwisho, pale pasipofika mkono wake.

Jioni kabati limeanza kukwama. Nilijua tu! Kazi za Shafii hizo, za kuonekana na watu. Sitamwita. Wala Gaudensi simwiti. Chupa ya Ramadhani bado ina nusu, na soksi moja ni nzima.