Tegwen wa Miduara Azuia Kombaini Langoni

Nyamazeni, enyi watu wa bonde la Teifi! Zimeni redio, wafungeni mbwa, na yule anayetafuna biskuti huko nyuma aimeze upesi, kwani nawasimulia vita kuu vilivyopiganwa kwenye lango la shamba la Idwal, siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, pale Tegwen binti Ifor, mwenye sweta la kijani na viatu vya mpira, aliposimama peke yake mbele ya kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia.

Jueni kwanza chanzo cha uhasama. Miaka arobaini na miwili nyuma, katika ukame mkubwa, Tegwen alipanda mlima kumtafuta kondoo aliyepotea, akatazama chini, akaona ndani ya shayiri ya babake Idwal miduara miwili ya kijani, mmoja ndani ya mwingine. Watu wa kale walichimba mitaro kuzunguka boma lao. Mitaro ikajaa udongo, ikasahaulika. Lakini udongo ule hushika unyevu, na ukame ukija, shayiri iliyo juu yake hubaki kijani wakati nyingine yote imekauka. Ukiwa shambani huoni kitu. Tegwen alishuka mbio kuita mashahidi, nao walipopanda wakakuta shayiri imekwisha kukatwa, wasimwamini. Tangu hapo, kwa kuwa huku kwetu kila mtu hubandikwa jina kwa kazi yake au kwa aibu yake, akawa Tegwen wa Miduara. Hata mchungaji alimwita hivyo kwenye mazishi ya mamake. Jina hilo lilimuuma, nasema kweli.

Mwaka huu ukame ukarudi, na ofisi ya mambo ya kale ikamwahidi Tegwen kwamba saa tisa ndege ndogo ingepita kupiga picha. Idwal naye, bwana wa kondoo mia nne, akasikia kwamba Ijumaa mvua itanyesha. Saa nane na robo kombaini nyekundu ikafika langoni ikinguruma, tayari kuifuta miduara kwa mara ya pili. Ukame mwingine wa namna ile Tegwen asingeuona akiwa hai.

"Sogea, Mama, tusije tukakosana!" dereva akapiga kelele.

Ndipo shujaa wetu akachomoa silaha ambayo hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kuikinga.

"Mwanangu, kwani wewe ni wa nani?"

Dereva akazima injini. Angefanya nini? Huku kwetu ukiulizwa ukoo wako na mtu mzima, hujibu ukiwa juu ya mashine.

"Mimi Gethin. Wa Delyth, wa kule Tregaron."

"Delyth yupi? Yule mrefu wa kwaya, au wa duka la nyama?"

"Wa duka la nyama."

"Basi bibi yako ni Olwen! Si ndiye aliyemkimbia mjomba wangu wiki ya harusi!"

"Bibi? Bibi yangu mimi?" Gethin akateremka ngazi. "Hebu anza mwanzo, Mama. Taratibu."

Saa nane na nusu akaja Idwal, uso umewiva kwa hasira.

"Gethin! Nimekuita uvune au upige soga? Na wewe Tegwen, miduara yako kaichore jikoni kwako!"

"Tunamzungumzia Olwen," Tegwen akanena kwa upole wa kutisha. "Yule aliyetoroka na fundi saa."

Idwal alifungua kinywa atukane. Lakini ni mtu wa bonde hili, na kosa la ukoo humkera kuliko jiwe ndani ya buti.

"Fundi saa gani? Alikuwa fundi viatu!"

"Saa."

"Viatu, mwanamke! Alimshonea baba yangu buti!"

Tegwen alijua fika kwamba alikuwa fundi viatu. Aliniambia mwenyewe. Alimtetea fundi saa yule neno kwa neno, akamtungia duka na wanafunzi wawili, mpaka saa tisa na dakika saba, ndege ilipotokea juu ya mlima, ikazunguka mara tatu, ikaenda zake. Tegwen hakuinua macho hata mara moja.

"Labda ni viatu, Idwal," akasema, akafungua lango.

Shayiri ikavunwa yote kabla ya mvua.

Picha ilifika na barua wakati wa vuli. Tukasongamana katika ukumbi wa kanisa, na tazameni: miduara miwili, kijani kibichi, na langoni kombaini kama kupe, na nukta tatu zikibishana. Idwal akavua kofia.

"Kumbe boma lipo," akasema. "Miaka yote hii, Tegwen. Lipo."

Tegwen akalia bila kujificha, nasi pia, pamoja na yule wa biskuti. Basi wanaoandika vita vya wafalme waache nafasi kwenye ukurasa! Mchungaji akasoma barua kwa sauti: "Boma la kale, mitaro miwili. Limeonekana mara moja."

Idwal, asiyevumilia kosa, akampa Tegwen kalamu. Naye akakata neno "moja", akaandika "mbili".