Vifaa vya Kuzamia Juu Milimani

Jumanne, 2 Agosti 1988
Nimebadilisha cherehani ya mke wangu Rogathe kwa robota zima la mitumba! Miaka ile tulipigania hata sabuni. Sasa kila kitu kinaingia. Yahaya, muuza mitumba wa Same mjini, alitaka kumpa Melkizedeki mwenye duka hapa kijijini. Nimemuwahi! Rogathe yuko Kighare kwa mama yake mpaka Jumapili. Nitauza, nitaikomboa cherehani, wala hatajua.

Jumatano, 3 Agosti
Nimelifungua. Hakuna shati hata moja! Vifaa vya kuzamia baharini. Bahari gani, jamani, huku kwetu? Yahaya kasema likishafunguliwa halirudi. Nimechambua. Miwani mikubwa ya mpira: inafaa kwa moshi wa jikoni. Viatu kama miguu ya bata: vitafaa matope ya mashamba ya mpunga kule Kihurio. Kibao cha kuandikia chini ya maji: upuuzi, nani anaandika barua huko? Mkanda wa vipande vya madini ya risasi: mzito sana, kwa hiyo lazima una maana.

Alhamisi, 4 Agosti
Kihurio. Mkulima kajaribu viatu. Kaanguka mara tatu, kalalia miche yake, kanifukuza mimi! Nimerudi na matope masikioni.

Jumamosi, 6 Agosti
Msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Gogo linaloziba tundu la chini limenasa. Kijiji kizima kipo. Wateja! Nimevaa vyote. Mzee Zebedayo kauliza kama mkanda ule ni lazima. Nimemwambia shikamoo mzee, hii ni sayansi. Kuzama kulikwenda vizuri mno. Kupanda ndiko kulikogoma! Wamenivuta kwa kamba ya ng'ombe, nimekumbatia gogo. Maji yametoka yote. Hakuna aliyenunua kitu. Mzee kasema mti mrefu ungetosha kuling'oa.

Jumapili, 7 Agosti
Rogathe karudi. Kaiona cherehani yake barazani kwa Melkizedeki! Yahaya kamuuzia tangu Alhamisi. Melkizedeki kamsimulia yote, hata kamba. Rogathe kaikomboa kwa kukubali kuwashonea sare bure watoto sita wa Melkizedeki. Kaibeba mwenyewe kichwani, kanipita mlangoni. Angenitukana ningepata nafuu. Aibu tupu.

Jumatatu, 8 Agosti
Rogathe anashona, hanitazami. Nimeteremka kwa Yahaya kumpa ukweli wake. Kaniomba radhi vizuri sana. Ana robota jipya. Nimelibonyeza mwenyewe: laini! Nimemwambia aniwekee mpaka kesho, nitaleta cha kubadilishana. Kitanda chetu mchana kutwa hakina kazi yoyote.